Picha Iliyokuwa Nzuri kwa Sekunde Moja

"Hii siyo niliyoiona mimi."

Shangazi wa bibi harusi aliilaza albamu juu ya kaunta yangu, akafungua moja kwa moja ukurasa alioutaka. Alikuwa amechomeka risiti yangu mwenyewe kuwa alama. Akaigonga picha kwa ukucha wenye hina iliyoanza kupauka.

"Usiku ule ukumbini ulinionyesha kwenye kamera, nikajipenda. Nilikuwa na weusi wangu. Hapa umenipaka majivu."

Nikaanza kujitetea. Taa za ukumbi, shangazi, zile za zambarau. Karatasi za kusafishia picha siku hizi. Mashine ya wale ninaowapelekea kazi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mwanangu, sikukuuliza sababu."

Akaniachia albamu, akatoka.

Hiyo ilikuwa Shaaban, msimu wa kuwahi ndoa kabla mwezi haujaandama. Leo tuko Mfungo Mosi. Ramadhani nzima nimefuturu na ile picha machoni, na kila nilipoikumbuka sauti yake nilikuwa najua jambo moja ambalo sikumwambia: alikuwa anasema kweli. Picha aliyoiona yeye na picha niliyompa zilitoka kwenye faili moja, na zilikuwa picha mbili.

## Ile pepesa

Wenzangu mnaopiga RAW, yaani faili bichi ambalo kamera haijalipika, mnaijua hali hii. Unafungua picha kwenye kompyuta, inatokea vilevile ulivyoiona nyuma ya kamera: rangi imekolea, ngozi inang'aa, dhahabu ni dhahabu. Unahesabu moja. Kisha inapepesa, inafifia, kama kanga iliyofuliwa mara mia.

Miaka mitano nimeiona hiyo pepesa nikidhani ndivyo kompyuta inavyovuta pumzi.

Kumbe ndani ya kila faili bichi kamera hubandika picha ndogo ya JPEG iliyokwisha kuiva. Kamera imeipika yenyewe, papo hapo, kwa viungo vyake. Hiyo ndiyo inayoonekana kwenye kioo cha nyuma, na ndiyo aliyoiona shangazi. Programu niliyokuwa naitumia ilikuwa inaichungulia ile JPEG kwa sekunde moja, inaitupa, halafu inapika ya kwake kutoka kwenye data. Chakula kilekile, mpishi mwingine.

Na data yenyewe haina rangi tunayoijua. Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya mpangilio wa vichujio vya rangi juu ya sensa, kile kibamba cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, mwaka 1976, na kamera nyingi hadi leo zinautumia: nusu ya vidoa vya sensa vinaona kijani tu, robo vinaona nyekundu tu, robo bluu tu. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila kidoa zinakisiwa baadaye. Kamera yangu, Canon EOS 6D, inaandika mwanga wa kila kidoa kwa biti 14, yaani ngazi 16,384, wakati JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Utajiri upo. Lakini ni utajiri wa namba.

Ngozi ya shangazi haimo ndani ya faili.

Zimo namba. Ngozi inatengenezwa baadaye, na namba ipi iitwe rangi ipi ni jambo lililoamuliwa zamani na mtu aliyekaa ofisini kwake, ambaye hajawahi kufika Ngamiani, Tanga.

## La aibu

Sasa niseme la aibu. Programu niliyokuwa naitumia ilikuwa imechakachuliwa. Fundi mmoja wa kompyuta aliniwekea kwa shilingi elfu kumi kutoka kwenye flashi diski yake, akaniachia masharti kama ya mganga: usiisasishe, usiwashe intaneti ikiwa wazi, na kinga ya virusi izime. Nikaishi hivyo. Flashi diski ileile siku moja iligeuza mafolda ya harusi tatu kuwa njia za mkato zisizofunguka. Picha zilikuwemo, zimefichwa tu, lakini mpaka nilipozifukua nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kuwaambia wateja.

Hilo lilinitisha, halikunibadilisha. Ndivyo tulivyo.

Kilichomharibu shangazi hakikuwa virusi, na kwa haki hakikuwa hata ule uchakachuaji. Ilikuwa seti ya mipangilio ya harusi ambayo mtu aliigawa kwenye kundi letu la WhatsApp. Sijui aliitengeneza nani, kwa ngozi za nani. Unabofya mara moja, picha inakuwa na ile sura ya kisasa: vivuli vimeinuliwa, weupe umetapakaa, rangi ya machungwa imepunguzwa ili nyuso zisionekane nyekundu. Nilikuwa nimeibofya kwenye picha 612 kwa mkupuo, nikaenda kunywa kahawa.

Tatizo ni hilo la machungwa. Ngozi ya kahawia na ngozi nyeusi, ukizisoma kwa namba, zinakaa humohumo kwenye machungwa yenye kiza. Ukiyanyonya machungwa, mtu mwenye ngozi nyeupe anapungua wekundu kidogo. Shangazi yangu mimi anabaki jivu.

Nilipoligundua hilo nilizima laptop nikakaa gizani.

Mambo haya yana historia, wala hayakuanza na kompyuta. Zamani maabara za kusafisha picha za rangi zilipangia mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mmoja mweupe. Kadi zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wao aliyepigwa picha za mwanzo. Yeye akitoka vizuri, mashine iko sawa. Wengine wote walitoka walivyotoka. Watafiti wameandika kwamba filamu ilianza kuboreshwa upande wa rangi za kahawia pale watengeneza chokoleti na wauza samani walipolalamika kuwa bidhaa zao hazitofautiani kwenye picha. Mbao na peremende ndizo zilizotutetea. Nimelisoma hilo zamani, nimelisimulia vijiweni kwa hasira nyingi, na wakati huohuo kidole changu mwenyewe kilikuwa kinabofya Shirley mpya mara 612.

## Namba chini ya kamera

Canon wana programu yao, Digital Photo Professional, kifupi DPP. Ni ya bure kwa mwenye kamera yao. Nilikuwa naijua kwa jina, kama unavyomjua jirani usiyemsalimia. Kwetu inahesabiwa kuwa ya wanaoanza; ukiitaja mbele ya wapiga picha wa harusi wanacheka kwanza, hoja baadaye.

Usiku wa kumi na tatu wa Ramadhani, baada ya tarawehe, nikaunga bando nikaingia kuipakua. Tovuti ikaniuliza namba ya kamera, ile iliyoandikwa chini yake. Nikaipindua.

Kamera yangu niliinunua Kariakoo, mtumba, bila boksi wala kitabu. Aliyeitangulia, au mimi, tumefunga na kufungua kibao cha tripodi mpaka kimekwangua sehemu ya chini. Tarakimu zilisomeka zote isipokuwa mbili za mwisho. Nikaimulika kwa simu, nikaipaka unga wa chaki, nikaiinamisha huku na huku kama mtu anayesoma kaburi la zamani. Wapi.

Jibu lilikuwa mahali nisipopafikiria: ndani ya picha. Kila faili limeandikwa, pamoja na saa na lenzi, namba ya kamera iliyolipiga. Ipo programu ndogo ya bure iitwayo ExifTool, kazi ya Phil Harvey, inayotoa maandishi hayo yote. Nikaipa picha ya shangazi. Mistari ikashuka kwenye kioo cheusi, na katikati yake namba nzima, na mbili zangu za mwisho zikiwemo.

Nilicheka peke yangu. Mteja anilalamikie kwamba picha si yake, na picha hiyohiyo inithibitishie kwamba kamera ni yangu.

Kuisakinisha hakukuwa na hadithi. Unafungua lile faili lililobanwa, unabofya, unakubali, unasubiri. Laptop yangu ina RAM ya GB 4, kwa hiyo kusubiri tunakujua. Daku ilinikuta bado niko mezani.

## Haikupepesa

Nikaelekeza DPP kwenye folda la harusi. Vijipicha vikaanza kujaa, kimoja kimoja. Nikaitafuta ya shangazi: ameshika sahani ya halua, anamtazama bibi harusi, mdomo unataka kucheka. Nikabofya mara mbili.

Nikahesabu moja. Mbili. Tatu.

Haikupepesa. Ilitulia vilevile.

Ilikuwa ileile ya kwenye kioo cha kamera. Ule weusi wenye wekundu wa ndani, kama kahawa unapoiinua kwenye mwanga. Nikaweka albamu pembeni ya laptop nikalinganisha, nikaona haya upya.

Sababu si muujiza. Tangu mwaka 2005, ilipotoka EOS 5D, Canon wamekuwa wakiweka kwenye kamera zao mitindo ya rangi, Standard, Portrait, Faithful na mingine, na ukipiga RAW mtindo uliouchagua unaandikwa pembeni kama ujumbe. Programu za wengine kwa kawaida haziufuati ujumbe huo. Zina tafsiri zao. DPP inausoma na kuutekeleza, maana aliyeuandika na anayeusoma ni wa nyumba moja. Nikon nao wana NX Studio tangu 2021, kwa shughuli hiyohiyo. Fujifilm wamekwenda mbali zaidi: X RAW Studio yao haipiki kwa nguvu za kompyuta kabisa, unaunga kamera kwa waya na injini ya kamera yenyewe ndiyo inayopika. Wazo hilo linanipendeza kuliko ninavyoweza kueleza, ingawa Fujifilm sina.

Nikaanza kujaribu mitindo. Portrait, ambao jina lake linaahidi sura za watu, ukamtia shangazi wekundu wa waridi ambao si wake. Faithful, yaani mwaminifu, unaahidi rangi kama inavyopimwa chini ya mwanga wa mchana wa 5200 K (Kelvin, kipimo cha rangi ya mwanga). Ukamfanya sahihi na mchovu, kama picha ya pasipoti. Nikarudi kwenye Standard, ule niliopigia. Kuna kitelezi cha rangi ya ngozi, upande mmoja kinaelekea wekundu, mwingine unjano. Nikasogeza hatua moja kwenye unjano kuzima ile zambarau ya taa.

Kupanga weupe, yaani kuiambia programu kipi ni cheupe, kulinipa shida. Unaweza kuibofyesha programu kwenye kitu cheupe ikajipanga yenyewe, na mimi nikabofya kanzu ya kijana aliyesimama nyuma. Ukumbi mzima ukageuka kijani. Kanzu ile ilikuwa imeogeshwa na taa za zambarau, na programu kwa utiifu wake ikaiondoa zambarau kwa kila mtu. Nikabofya kitambaa cha meza mbele ya shangazi, kilichopigwa na flashi yangu. Ukumbi ukakaa.

Na yote hayo, data ya mwanga haikuguswa. Mipangilio inahifadhiwa pembeni ndani ya faili lenyewe, na Canon wameiita kwa jina ambalo Mswahili angelichagua: mapishi. Unaweza kuyanakili mapishi ya picha moja ukayamwagia nyingine. Safari hii sikuyamwagia 612.

## "Umehama jela tu"

Nilimpigia mpiga picha mwenzangu wa Pangani kumsimulia. Nilitegemea pongezi.

"Umehama jela tu," akasema. "Ulikuwa ya wizi, sasa uko ya mwenye kiwanda. Kesho ukinunua kamera nyingine je?"

Neno hilo nalo likaniganda. Ana hoja. Mwaka 2005 ilizuka kelele kubwa duniani kwa sababu Nikon, kwenye kamera yao ya D2X, waliifunga kwa msimbo sehemu ya faili inayoeleza weupe, na waandishi wa programu nyingine wakauliza picha ni ya nani, ya aliyeipiga au ya aliyeuza kamera. Mafaili yetu yasingekuwa na maisha marefu kama si watu wa aina ya Dave Coffin, ambaye tangu 1997 alikuwa anaandika dcraw, programu ya bure ya kufungulia mafaili mabichi ya kamera chungu nzima bila kusubiri ruhusa ya kiwanda.

Kwa hiyo sikumbishia. Nilimwambia tu kwamba kwenye jela hii angalau nimemwona mtu niliyempiga picha. Akanijibu kwamba mimi siku hizi naongea kama mzee. DPP pia haina mambo mengi aliyoyazoea yeye, na kwa laptop yangu kugeuza harusi moja kuwa JPEG ni kazi ya kuiwasha usiku ukaenda kulala.

Na hata hivyo, shaka halisi haikutoka Pangani. Ilitoka kwenye picha.

## Shingo na uso

Nilikuwa nimeshaikuza asilimia mia ili nione ukali wa macho. Nikateremka. Kidevu. Shingo. Mkono ulioshika sahani.

Shingo ilikuwa nyeusi ya kung'ara. Mkono vilevile. Uso ulikuwa na ukungu.

Haukuwa mwingi. Kwenye paji, juu ya mashavu, pembeni ya pua. Na mstari, ukishauona huwezi kuuacha, chini ya taya, pale uso ulipoishia na shingo ikaanza. Kwenye kioo kidogo cha kamera, katika ukumbi wenye giza, hakuna ambaye angeuona.

Poda.

Poda nyingi za mapambo zina madini meupe yanayorudisha mwanga. Kwa macho, chini ya taa, zinakaa vizuri. Ikipigwa flashi ya mbele, zinaurudisha mwanga moja kwa moja kwenye lenzi, na uso unatoka umepauka. Na mimi usiku ule nilipiga flashi ya mbele, kwa kuwa dari la ukumbi lilikuwa limefunikwa vitambaa na sikuwa na mahali pa kuidundishia. Kwa maneno mengine, sehemu ya majivu ilikuwepo kabla ya programu yoyote. Mpambaji aliyaweka, flashi yangu ikayaamsha, na ile seti ya WhatsApp ikayasambaza mpaka mikononi.

Nilikuwa nimemaliza wiki sita nikitafuta mshitakiwa mmoja.

Sasa nikajikuta pagumu zaidi. Rangi ya kamera nilikuwa nimeirudisha. Je, poda nayo niiondoe? Kwa mizani ipi? Nikijiambia natafuta ngozi yake ya kweli, yeye siku ile alikaa kwenye kiti saa nzima ili asionekane na ngozi ya kila siku. Nikiiacha, si ndiyo hayo majivu aliyonirudishia?

Nikatengeneza mbili. Moja niliitoa DPP kama TIFF ya biti 16, faili la picha lenye ngazi nyingi kuliko JPEG, nikaipeleka kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, na kwa subira nikaufananisha uso na shingo. Ya pili nikaiacha na poda yake, rangi zikiwa za kamera. Nikazisafisha zote kwa ukubwa wa albamu.

## Kaunta

Alikuja Jumanne baada ya Alasiri, na mkoba wa sokoni. Nikamwekea picha mbili pasipo neno.

Akaichukua ya kwanza akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Akapandisha bangili, akailaza picha juu ya mkono wake, karibu na kiwiko. Akaizungusha kidogo ili isimetemete.

"Hii ndiyo mimi."

Nikashusha pumzi.

Akarudi, akaichukua ya pili. Hii aliitazama muda mrefu kuliko ya kwanza, wala hakuipeleka mkononi.

"Na hii?"

"Hiyo ina poda, shangazi. Ilirudisha mwanga wa flashi, ndiyo iliyoanza kukutia majivu. Kwenye ile ya kwanza nimeitoa."

"Umeitoa?"

"Nimeipunguza."

"Yule binti nilimlipa elfu arobaini." Akailaza ya kwanza juu ya kaunta, kifudifudi. "Weusi wangu nirudishie. Poda niachie."

Nikafungua laptop. Akazunguka kaunta, jambo ambalo mteja hajawahi kulifanya, akasimama begani kwangu huku DPP ikijikokota kufunguka. Nikashika kitelezi cha mwangaza nikakirudisha chini polepole.

"Bado."

Nikashusha tena.

"Hapo," akasema. "Hapohapo, usiguse."

Alikuwa amenipitisha hatua mbili chini ya pale nilipokuwa nimepaacha mimi.